Karafuu zitaifishwe, lakini chombo ni cha nani?

Karafuu za magendo zikikamatwa njiani kutoka Pemba kwenda Shimoni au Mombasa, pwani ya Kenya, zitaifishwe peke yake, au pamoja na chombo kilichozibeba?

Kwa karafuu sina shaka. Sheria imeipa ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, peke yake haki ya kuzinunua, na tangu bei ilipopandishwa mwaka 2011 ahadi ya Serikali ni kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Wapo wanaosema mnunuzi mmoja ndiye chanzo cha magendo, na hoja hiyo ina uzito wake, lakini anayevusha magunia usiku anajua anachohatarisha.

Chombo ni jambo jengine. Wanaotaka kitaifishwe husema tajiri wa magendo huihesabu faini kama gharama ya biashara: hulipa, kisha hupakia tena. Ni kweli. Ila tajiri huyo aghalabu hapandi chomboni, na chombo si chake, hukodi. Huku kwetu mwenye dau na nahodha mara nyingi ni watu wawili. Mwenye dau hubaki nyumbani akingoja fungu la chombo samaki wakishauzwa. Huenda ni mjane aliyeachiwa na mumewe, au ndugu watano waliolirithi pamoja. Nahodha akiaga kwamba anakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, kisha akapakia karafuu, KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wakilikamata dau anayefilisika ni yule mjane. Tajiri atatafuta dau jengine.

Wamo wenye vyombo wanaojua kila kitu na kukana, na kuwathibitishia ni kazi ngumu. Hata hivyo kazi hiyo naona ni ya mwendesha mashtaka. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda mali ya mtu, na ulinzi huo hauna maana ikiwa mwenye mali haitwi hata kusikilizwa.

Linaloniuma zaidi ni muda wa kungoja hukumu. Dau la mbao likiwekwa juani bila kupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, wala kutiwa kalafati ya kuziba nafasi za mbao, mbao hukauka na kuachana. Kesi ikichukua miezi, mwenyewe hata akishinda hukabidhiwa kuni. Mahakama ingeweza kumrejeshea kwa dhamana, kwa sharti asiliuze wala kulitoa Pemba mpaka kesi imalizike.