Kifungo kisicho na shangazi

Kila jioni, nikishaosha vyombo, binti yangu wa miaka sita huleta waya wa chaji na kuketi sakafuni karibu na mguu wangu. Kidude cha kufuatilia niliko, nilichofungwa kifundoni, hakivuliwi, kwa hivyo ni mimi ninayekaa kando ya ukuta mpaka kijae. Hapo ndipo tunaposoma vitabu vyake vya shule.

Ninaishi Kent, kusini mwa Seattle, na ninamalizia kifungo changu. Nilitia saini hundi ambazo hazikuwa zangu, nikakiri. Jimbo la Washington lina sheria ya 2010 inayomwezesha mfungwa mwenye watoto wadogo kutumikia hadi miezi 12 ya mwisho nyumbani pamoja nao, mradi kosa lake si la ngono wala la ukatili mkubwa. Naishukuru sheria hiyo kila nikiwafunika wanangu shuka. Maana iko nyingine, ya Marekani nzima, ya 1997: mtoto akikaa katika malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, jimbo hutakiwa kufungua kesi ya kumvua mzazi haki zake, isipokuwa kwa sababu chache. Wanangu walikuwa wamekaa kwa watu baki miezi minane. Gerezani nilihesabu miezi yao kuliko nilivyohesabu yangu.

Na wahamiaji wenzangu wajue hili mapema: amri ya kufukuzwa nchini inaweza kumzuia mtu kupata nafasi hii. Mimi nilikuwa nimeshaapa uraia.

Mdogo wangu wa kiume yuko kwetu Kaloleni, kaunti ya Kilifi, Kenya. Alipigana, akapewa miaka miwili ya probesheni, yaani adhabu ya nje chini ya uangalizi wa afisa. Kabla hakimu hajaamua, afisa wa probesheni alifika nyumbani, akaketi chini ya mwembe, akamuuliza mama, akamuuliza chifu na majirani, akamwendea hata yule aliyepigwa. Siku za kuripoti, wanawe watatu hula kwa bibi au kwa shangazi yao. Sidhani hata wanajua baba yao ana hukumu.

Wangu wanajua kila kitu. Ratiba yangu huidhinishwa mapema: kazini, dukani, shuleni, darasa la malezi, kanisani. Februari binti alishikwa na homa saa tisa usiku. Dharura inaruhusiwa, lakini lazima nipige simu kwanza. Nilisimama mlangoni, mtoto mgongoni nimemfunga kwa leso, nikisubiri mtu apokee, na joto lake likipenya kwenye nguo zangu. Kaka yake wa miaka kumi alikuwa ameshavaa viatu na koti, ananiangalia. Kwetu ningeita tu, mlango wa jirani ungefunguka, na mtoto angekuwa njiani na mtu mwingine huku mimi nikieleza. Usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba sheria hii iliyonirudishia wanangu inamtambua mama na mtoto peke yao. Bibi hayumo. Jirani hayumo.

Sisemi kwetu ni peponi. Kenya mama akifungwa huweza kuingia gerezani na mtoto wake, akae naye mpaka afike miaka minne. Katika gereza la wanawake la Lang'ata, Nairobi, wapo watoto wa namna hiyo. Inaniuma. Tuna probesheni, tuna sheria ya kutumikia jamii badala ya kifungo tangu 1998, tuna bibi na mashangazi wasiolipwa na mtu. Bunge lingeandika wazi kwamba hakimu, kabla ya kumfunga mzazi kwa kosa lisilo la ukatili, aulize watoto watabaki na nani, na aanze kutafuta adhabu ya nje. Wala hatuhitaji vidude vya mguuni. Mwembe upo na chifu yupo.

Na huku ningependa afisa aje akae kama yule wa Kaloleni, aulize ni nani mwingine anawapenda watoto hawa, amwandike. Ghorofa ya chini yuko mama mmoja Mkongo wa Bukavu, wanangu humwita mama mkubwa. Nimeomba jina lake liingizwe kwenye karatasi zangu, ili nikikwama awe na ruhusa ya kuwachukua. Nimejibiwa nimlete na kitambulisho chake. Jumatatu tunakwenda sote wanne, na ameshaniuliza avae kitenge kipi.