Mizani ya unga haipimi rupia ya Mjerumani

Jumamosi kuna dogo kaja kwangu hapa Area C na rupia tatu za Mjerumani, zile sarafu za fedha za enzi za ukoloni wa Kijerumani, kazifunga kwenye kitambaa, hela yote ya alizeti ya shamba lao kule Kongwa imeishia humo. Akanambia kaka usiwe na wasi, tumezipima mbele ya muuzaji, kila moja gramu 12. Nikamuuliza mmepimia nini. Mizani ya muuzaji, ile ya kioo ya kupimia unga wa keki.

Nikatoa yangu. Ya kwanza ikasoma 11.58. Ya pili 12.31, ya tatu 12.27. Dogo kimya.

Jamani hili jambo linaniuma sana ndo maana naandika. Rupia ya Mjerumani ilitoka kiwandani na gramu 11.66, fedha asilimia 91.7, sasa mizani ya jikoni inaruka gramu moja moja, chochote kuanzia 11 na nusu mpaka 12 na nusu yenyewe inakwambia 12 basi. Sarafu iliyozunguka miaka mingi mikononi mwa wajenzi wa reli na wenye maduka inakonda, hainenepi! Ikizidi robo tatu ya gramu au hata nusu hapo huna rupia, na mizani ya unga haiwezi kukuonyesha hilo hata uipime mara kumi.

Ya kununua ni ile ndogo ya sonara inayosoma 0.01 na inabeba gramu 200. Huo uwezo wa 200 watu wanaudharau, wanasema sarafu yenyewe gramu 11 ya nini yote hiyo, kumbe ndo wenye kazi, kwa sababu uzito peke yake hautoshi, mjanja anaweza kukutengenezea ya shaba na nikeli ikagonga 11.66 vizuri kabisa. Hapo ndo unachukua kikombe chepesi cha plastiki, maji nusu, unaweka juu ya mizani, unabonyeza T isome sifuri, halafu unaifunga sarafu na uzi mwembamba unaizamisha yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea gawanya nayo uzito wa sarafu. Ile ya kwanza ya dogo ilisoma 1.12, ukigawanya 11.58 kwa hiyo unapata kama 10.3, hiyo ndo densiti (uzito kwa ujazo) ya fedha ya rupia. Ingekuwa shaba na nikeli ingesoma 1.30. Tofauti yote ni 0.18, sasa mizani ya 0.1 itakuonyeshaje kwa uhakika? Na mizani inayobeba gramu 50 tu hicho kikombe na maji huweki.

Wapo wanaokimbilia ya 0.001 wakidhani ndo mwisho wa mambo. Nyingi zinabeba gramu 20 au 50, ile dola ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya zamani yenye gramu 28.07, kwenye ya 20 haipandi, na kwa upepo wa Dodoma huu hizo namba za mwisho hazitulii hata dakika, mimi yangu ya 0.01 tu nikifungua dirisha inacheza. Na vumbi letu hili jekundu likiingia chini ya sahani inasoma uongo, ifute kila mara. Nunua na jiwe la gramu 100 la kuirekebishia, bila jiwe unaamini tu.

Haya, kama unakusanya shilingi za Mwalimu za 1966 zile za gramu 8, ya 0.1 itakufaa, sibishi. Ila ukigusa rupia, au ile ya dhahabu ya Tabora ya 1916 yenye tembo, gramu 7.17, ambayo nakala zake ni nyingi mno, usinunue kwa mizani ya anayekuuzia. Nenda na yako. Akikataa usiitumie, rudi nyumbani na hela yako.

Dogo kabla hajaondoka akaniomba niipime tena ile ya pili, labda upepo. Nikafunga dirisha, nikazima feni, nikaweka jiwe likasoma 100.00 safi, nikatoa, tukangoja sifuri itulie. Akaiweka mwenyewe kwa mkono wake.

12.31.