Chuma cha Pittsburgh, Mwenye Mali Tokyo

Juni 18, 2025, kampuni ya U.S. Steel ya Pittsburgh iliingia mikononi mwa Nippon Steel ya Japani kwa Dola bilioni 14.9. Hii si kampuni ya kawaida. Iliundwa mwaka 1901, J.P. Morgan alipoinunua biashara ya chuma ya Andrew Carnegie na kuiunganisha na nyingine, na mwaka 1943, vita ikiwa imepamba moto, ilikuwa na wafanyakazi wapatao 340,000. Mauzo hayo yalivutaniwa kwa mwaka mmoja na nusu. Chama cha wafanyakazi wa chuma kiliyapinga, Rais Joe Biden akayazuia Januari 2025, kisha Donald Trump, ambaye katika kampeni alisema naye angeyazuia, akayapitisha kwa sharti kwamba serikali ipewe hisa moja maalumu, inayoitwa hisa ya dhahabu, yenye kura ya turufu juu ya mambo kama kuhamisha makao makuu au kubadili jina la kampuni.

Katika mvutano wote huo, wapinzani walizungumzia uzalendo na usalama wa taifa, waungaji mkono wakazungumzia ajira na mitambo mipya. Chanzo hakikuguswa sana. Kampuni za Marekani zinapata wenye mali wa kigeni kwa sababu ileile inayoifanya nchi hiyo inunue nje zaidi ya inavyouza. Ni hesabu moja iliyoandikwa kwenye kurasa mbili za daftari. Naamini kiongozi anayelaani ukurasa mmoja huku akiusifu mwingine hawatendei haki wapiga kura wake.

Tuanze na dola yenyewe. Mtu wa Ohio ananunua gari lililotengenezwa Japani, na dola zake zinamfikia muuzaji. Muuzaji huyo anaweza kununua bidhaa za Marekani, iwe soya au ndege. Asipofanya hivyo, dola hizo zitanunua mali: dhamana za serikali, hisa, jengo, au kampuni nzima. Hata akizipeleka benki akapewa yen, aliyezipokea anabaki na swali lilelile. Mara ya mwisho Marekani kuuza nje zaidi ya ilivyonunua ilikuwa mwaka 1975. Mwaka 2024 nakisi, yaani pengo hilo la kununua zaidi ya kuuza, kwa bidhaa na huduma kwa pamoja ilizidi Dola bilioni 900. Nusu karne ya nakisi hizo, pamoja na kupanda kwa bei za hisa za Marekani, imeacha pengo kubwa: mwishoni mwa 2024, mali za wageni ndani ya Marekani ziliuzidi utajiri wa Wamarekani ulioko nje kwa zaidi ya Dola trilioni 26. Sehemu kubwa ya mali hizo ni hisa na dhamana zinazouzwa na kununuliwa kila siku. Uwekezaji wa moja kwa moja, ule wa kumiliki kampuni na kuiendesha, ni kama trilioni 5 na ushee ukihesabiwa kwa thamani ya vitabuni, si kwa bei ya soko.

Wanaotiwa hofu na hali hii wana hoja nzito. Mwaka 2003 mwekezaji bilionea Warren Buffett, ambaye hakuna anayeweza kumwita mpinga biashara, aliifananisha Marekani na familia tajiri yenye shamba kubwa mno. Familia hiyo inakula zaidi ya inavyovuna, na ili kuziba pengo inauza vipande vya shamba na kuweka rehani sehemu iliyobaki. Shamba likiwa kubwa, miaka mingi inapita bila mtu kuona mpaka umesogea. Lakini faida ya kipande kilichouzwa humwendea mwenye nacho kila mwaka, na watoto ambao hawakuwepo wakati wa kula ndio watakaolipa. Msomaji aliyewahi kuona ukoo ukiuza viwanja vya urithi kimoja kimoja hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Wa upande wa pili wanauliza: nani kasema dola hutoka kwanza ndipo zirudi? Huenda mambo yanaanzia upande mwingine. Wajapani, Wajerumani na Wachina huweka akiba nyingi kuliko wanavyoweza kuwekeza kwao, na wanatafuta mahali penye sheria na soko pana. Benki kuu duniani kote, zikiwemo za Tanzania na Kenya, huweka sehemu kubwa ya akiba zao za fedha za kigeni kwa dola. Fedha hizo zikimiminika Marekani, dola hupanda thamani, bidhaa za nje zinakuwa rahisi, na kiwanda cha Pennsylvania kinashindwa kuuza nje. Kwa mtazamo huu nakisi ni kivuli cha mtaji unaoingia, na mtaji unaoingia ni dalili kwamba nchi inaaminika.

Nadhani pande zote mbili zinaeleza jambo la kweli, na miaka ya 1980 inaonyesha zinavyokutana. Mwanzoni mwa muongo huo serikali ya Ronald Reagan ilikopa sana huku riba zikiwa juu mno. Fedha za wageni zikamiminika, dola ikapaa, nakisi ikafumka. Septemba 1985, mawaziri wa fedha wa nchi tano walikutana katika Hoteli ya Plaza, New York, wakakubaliana kuishusha dola. Dola iliyokuwa ikinunua takriban yen 240 ilishuka hadi karibu 120 ndani ya miaka michache. Lengo lilikuwa kupunguza nakisi. Lakini kwa mwenye yen mkononi, kila kampuni ya Marekani sasa ilikuwa nusu bei. Bridgestone ikainunua Firestone mwaka 1988. Mwaka uliofuata Sony ikachukua Columbia Pictures, na Mitsubishi Estate ikanunua hisa nyingi za kampuni iliyomiliki Rockefeller Center, wakati ambapo wengi Marekani walishaamini kwamba nchi yao inanunuliwa yote. Mwaka 1995 Rockefeller Center iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, Mitsubishi ikajiondoa kwa hasara kubwa, na majengo yakabaki pale pale Manhattan.

Waswahili wana kauli mbili kuhusu mgeni. Moja inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjadala wa Marekani umejaa kauli ya kwanza na umeisahau ya pili. Honda ilianza kutengeneza magari Marysville, Ohio, mwaka 1982. BMW ilifungua kiwanda Spartanburg, South Carolina, mwaka 1994, na leo ndicho kikubwa kuliko vyote ilivyonavyo duniani, kikiuza nje magari ya mabilioni ya dola kwa mwaka. Hao walishika jembe. Kampuni zenye wamiliki wakuu wa kigeni zinaajiri zaidi ya watu milioni 8 Marekani. Hata hivyo, takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba fedha mpya za uwekezaji huo, zaidi ya asilimia 90 katika miaka ya karibuni, hununua kampuni zilizokuwepo tayari. Viwanda vipya vinapata kiasi kidogo tu. Kampuni inapobadilisha mikono, fedha zinaenda kwa wenye hisa wa zamani, nao wanaweza kuzitumia kwa lolote, hata kununua gari jingine kutoka nje.

Kwa kipimo hicho, U.S. Steel iko katikati. Mwaka 2023 kampuni ya nyumbani, Cleveland-Cliffs, iliweka mezani kama Dola bilioni 7.3. Wajapani wakaja na karibu mara mbili ya hizo, na baadaye wakaahidi kuwekeza Dola bilioni 11 kufikia 2028. Matanuru ya U.S. Steel katika bonde la mto Monongahela, karibu na Pittsburgh, yamechakaa, na mwenyeji hakuonyesha fedha za kiwango hicho. Tena U.S. Steel yenyewe inamiliki kiwanda kikubwa cha chuma Košice, Slovakia, tangu mwaka 2000. Mpaka mauzo haya, Mmarekani naye alikuwa mwenye mali wa kigeni huko.

Hoja ya usalama siipuuzi, ila hutumika ovyo. Mwaka 2006 DP World, kampuni ya Dubai inayoendesha bandari, ililazimika kuachia shughuli zake katika bandari za Marekani baada ya wabunge kuja juu, ingawa kamati ya serikali inayochunguza mauzo ya namna hiyo ilikuwa imeridhia. Watanzania waliofuatilia mjadala wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 2023, kampuni ni hiyohiyo, wanajua jinsi swali la nani mmiliki linavyomeza swali la masharti ya mkataba.

Sasa tutazame mapatano ya 2025. Julai mwaka huo Marekani ilikubaliana na Japani: ushuru wa asilimia 15, na Japani kuelekeza Dola bilioni 550 Marekani kwa mitaji, mikopo na dhamana za mikopo. Serikali hiyohiyo ya Marekani inasema lengo lake ni kupunguza nakisi. Ziada ya Japani katika biashara ya bidhaa na Marekani mwaka 2024 ilikuwa karibu Dola bilioni 70. Kwa kasi hiyo, bilioni 550 ni ziada ya takriban miaka minane. Japani ikinyimwa nafasi ya kuuza, itazitoa wapi? Inaweza kukopa, au kuuza sehemu ya dhamana za serikali ya Marekani ilizonazo, zinazozidi Dola trilioni 1. Ikiuza dhamana hizo, atatakiwa mnunuzi mwingine, kwa kuwa Washington iliufunga mwaka wa fedha wa 2024 na nakisi ya bajeti ya Dola trilioni 1.8, na Wamarekani wenyewe hawaweki akiba ya kutosha kuiziba. Mnunuzi huyo asipopatikana ndani, atatoka nje.

Kwa hiyo jumla ya mali iliyo mikononi mwa wageni itabaki ilipo au kukua, chuma cha Pittsburgh kiwe cha nani. Kitakachobadilika ni aina ya mali: karatasi ya deni au tanuru. Mfanyakazi wa Braddock, mji wa kiwanda cha U.S. Steel karibu na Pittsburgh, anaona tofauti hiyo kila zamu inapoanza. Kwa upande wangu, kati ya Mjapani anayemiliki deni la Washington na Mjapani anayelazimika kutia Dola bilioni 11 kwenye viwanda vya U.S. Steel kufikia 2028, nachagua huyo wa pili, mradi kuna anayehesabu fedha hizo zinavyoingia.