Nilipita Kinondoni kila siku, nikaenda kusomea Leicester

Kwa miaka 7 nilikuwa napanda daladala kwenda kazini kwa Barabara ya Kawawa, na kila asubuhi tulipita makao makuu ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania pale Kinondoni. Sikuwahi kushuka. Nilikuwa mhasibu, nina shahada yangu na meza yangu, na kwetu mtu akishapata shahada na meza, mambo ya shule yamekwisha. Kinachobaki ni ndoa, kiwanja na ada za watoto. Leo naandika nikiwa Leicester, Uingereza. Nina miaka 44, na nimebakiza mwaka mmoja kumaliza shahada ya saikolojia ninayoisoma kwa masafa, Open University. Ilibidi nivuke bahari ndipo niingie chuo huria, na jambo hilo limenikaa moyoni.

Maana mlango nyumbani ulikuwepo. Chuo cha Waingereza kilipewa hati yake mwaka 1969, na wanafunzi wa kwanza wakaanza Januari 1971, baadhi ya vipindi vikirushwa kwenye televisheni ya BBC. Chetu kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka uliofuata. Nia ni ile ile: mtu mzima mwenye kazi na familia asome bila kuacha vyote viwili. Nilichokosa mimi ni ruhusa, na siyo ruhusa ya karatasi. Ni ile ya watu wako, ya kukuacha uanze upya wakati wenzako wanavuna.

Huku nilianza kama wengi wetu tunavyoanza, kwa kazi ya kea, nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau. Kila siku saa 10 alfajiri aliamka, akakaa ukingoni mwa kitanda na kupapasa sakafu kwa miguu akitafuta viatu. Tuliagizwa tumrudishe alale, na kila tulipomrudisha alilia. Baada ya wiki kadhaa binti yake alinieleza kwamba baba alikuwa akisambaza maziwa majumbani tangu ujana wake. Usiku uliofuata nilimletea viatu, nikapiga magoti nikamfunga kamba, tukatembea korido nzima hadi mlango wa mwisho. Alishika kitasa, akakijaribu, akasema, "Sawa, hii imekwisha." Tukarudi akalala mpaka asubuhi. Nilishika daftari la zamu nikashindwa kuandika. Nilitaka kujua ni kitu gani ndani ya mtu kinachobaki wakati jina la mtoto wake limeshapotea. Uhasibu haukuwa na jibu la swali hilo.

Nilipompigia shangazi Newala kumwambia nimejiandikisha, simu ilikaa kimya kidogo.

"Mwanangu, uhasibu umekukosea nini?"

"Haujanikosea kitu, shangazi. Nimetaka tu kusoma hili."

"Sasa unakwenda kusomea mambo ya Mirembe?"

Aliyekulia Tanzania hahitaji kufafanuliwa. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, na jina lake limegeuzwa tusi tangu tukiwa watoto wa shule ya msingi. Sikumkasirikia. Ada yangu ya kidato cha tano na sita ilitoka kwenye korosho zake, gunia kwa gunia, na mtu wa korosho hang'oi mti ulioanza kuzaa. Aliniona nimeshika panga mbele ya mkorosho wake.

Hapa ndipo ninapowasifu wenyeji wangu bila kuuma maneno. Kazini kwetu kulikuwa na mama wa miaka 58, aliyekuwa mpishi wa shule, anajiandaa kuwa muuguzi. Hakuna aliyemuuliza "na umri huo?" Walimuuliza mtihani ni lini, wakabadilishana naye zamu. Open University nayo, kwa shahada nyingi za kwanza, haidai vyeti vya awali. Inataka krediti 360, na anayefanya kazi kama mimi huchukua 60 kwa mwaka, yaani miaka 6, kwa kiasi cha saa 16 mpaka 18 za kusoma kila wiki. Saa hizo nilizipata jikoni, baada ya zamu, kabla watoto hawajaamka. Ni mwendo mrefu na unachosha. Kuna miezi niliyomjua mume wangu kwa mlio wa ufunguo mlangoni tu.

Lakini ndani ya masomo yenyewe nilikuta kitu ambacho sikukitarajia, nacho ni sisi. Mary Ainsworth, mmoja wa wanasaikolojia wanaotajwa popote panapozungumzwa habari za mtoto na mamake, hakuanzia Marekani kuwatazama akina mama na watoto wao. Alianzia Uganda. Mwaka 1954 alifika Kampala pamoja na mumewe, akaanza kutembelea familia 26 za Waganda vijijini, akiwa na mkalimani, akikaa sebuleni saa kadhaa na kuangalia tu. Aliona mtoto akitambaa kuondoka kwa mama, akigeuka kumtazama, akiendelea mbele, kisha akirudi kumgusa goti. Kutoka kwenye kutazama huko ndipo alipoona jinsi mama anavyokuwa kituo ambacho mtoto huondokea na kurudia, na baadaye Baltimore akaunda jaribio mashuhuri la dakika kama 20 ambalo kila mwanafunzi wa saikolojia analijua.

Niliposoma hayo nilifunika kitabu. Akina mama wale wa Uganda walikuwa walimu wa dunia nzima bila wenyewe kujua, na mimi nikaja kuwasoma kwa Kiingereza, Leicester. Mwaka 2008 Mmarekani Jeffrey Arnett alipitia majarida ya saikolojia ya kwao, akakuta 96% ya waliochunguzwa wanatoka nchi za Magharibi zilizoendelea, zenye takriban 12% ya watu wote duniani. Kwa hiyo mengi ninayoyasoma kama "tabia ya binadamu" ni tabia ya jirani yangu wa Leicester. Siyasomi kwa dharau, ila nayasoma nikiwa na kalamu mkononi.

Wapo wenzetu wa ughaibuni wanaopenda kusema Wazungu hawana utu, ndiyo maana wanalipa mtu wa kuwasikiliza. Siwaungi mkono, na nitaeleza kwa nini kwa misiba miwili.

Baba yangu alipofariki, ua ulijaa kabla jua halijazama. Mikeka ilitandikwa, sufuria za majirani zikaja zenyewe, wanawake wakalala sebuleni kwetu. Kwa siku 7 sikubaki peke yangu hata kwenda msalani. Nililia, nikalishwa, nikalia tena. Sidhani ipo dawa iliyonifaa kuliko ile mikeka. Lakini kulikuwa na neno moja kuhusu mimi na baba ambalo sikuweza kumwambia mtu yeyote kati ya wale 200, kwa sababu kila mmoja alikuwa ndugu wa mwingine. Nililimeza. Matanga yakaanuliwa, watu wakaondoka, nalo likabaki.

Jirani yangu wa huku alifiwa na mkewe. Mazishi yalikuja baada ya wiki tatu, yakachukua muda usiofika saa mbili, na jioni ile alikuwa amekaa dirishani peke yake, taa hajawasha. Nilimpelekea chakula kwa sababu sikujua kufanya kingine. Hiyo ndiyo sura ya ughaibuni inayonitisha mpaka leo. Ila baada ya miezi aliniambia anakwenda kila Alhamisi kuzungumza na mtu wa huduma ya wafiwa, asiyemjua yeye wala marehemu, na kwamba amemwambia huyo mtu jambo ambalo hata wanawe hawalijui. Alilisema akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Wao wamepungukiwa mikeka. Sisi tumepungukiwa siri.

Nyumbani msikilizaji hatumkosi. Tuna shangazi, tuna somo na kungwi, tuna mzee wa ukoo, shehe, mchungaji. Ndugu yangu mmoja alimweleza kiongozi mmoja wa dini shida ya ndoa yake, shida nzito. Kabla ya wiki kuisha alisikia maneno yake mwenyewe yakirudiwa kisimani. Hajamwambia mtu kitu tangu siku ile, na ni miaka mingi sasa. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tunalitupia neno hilo mgonjwa tu, wala hatumuulizi aliyeambiwa ametunza vipi. Wengi wetu tulilisikia neno "ushauri nasaha" kwa mara ya kwanza wakati wa vipimo vya UKIMWI, na watu walipojua majibu hayatoki nje ya chumba, walijitokeza kupima. Kwa nini tusiichukue adabu ile ya chumba kile tukaipeleka kwenye huzuni, kwenye ndoa, kwenye sonona?

Sheria nayo inatufunga midomo. Uingereza na Wales waliacha kumhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu tangu mwaka 1961. Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Kwetu Tanzania kuna kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachosema kujaribu kujiua ni kosa. Mtu aliyefika ukingoni anahitaji kusema, naye anajua kusema ni kujishtaki. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa, na ningependa wabunge wetu walisikie kutoka kwa mtu asiyetafuta kura.

Kwa anayefikiria kuifuata njia hii, nimwambie machache. Shahada peke yake haikufanyi mwanasaikolojia wa tiba. Uingereza majina kama mwanasaikolojia wa kliniki au wa ushauri yanalindwa kisheria, huwezi kuyatumia bila kusajiliwa na HCPC, chombo kinachosajili wataalamu wa afya. Kwanza shahada yako iwe imetambuliwa na chama cha wanasaikolojia, BPS, kisha uipate kwa daraja linalotakiwa, kisha ndipo uombe shahada ya uzamivu ya miaka 3 ambayo nafasi zake hugombaniwa vikali. Viza ya mwanafunzi haitolewi kwa masomo ya masafa, kwa hiyo usimwamini wakala atakayekuambia vinginevyo. Mkopo wa ada wa serikali, kwa kawaida, ni wa wenye ukaazi wa kudumu. Mimi nilisubiri mpaka nilipoupata. Na kama uko nyumbani na unaweza kusoma nyumbani, shuka Kinondoni. Hakuna ubora ninaoujua ambao umefungiwa Leicester.

Nilichojifunza huku kwa hakika ni namna ya kunyamaza. Mwaka jana mama mmoja wa kwetu, ambaye ameniruhusu niseme hili bila kumtaja, aliniomba nimsindikize kliniki kumtafsiria. Walimpa fomu ya maswali 9 ambayo hutumika sana kupima sonona. Swali la kwanza linauliza kama katika wiki 2 zilizopita hamu au furaha ya kufanya mambo imepungua, nawe ujibu kwa namba, sifuri mpaka tatu. Nilimtafsiria neno kwa neno. Akanitazama tu. Nikakumbuka tunavyosema kwetu, nikamuuliza, "Mama, siku hizi moyo uko wapi?"

Akasema, "Chai naimimina, nakaa mbele yake, mpaka inaota utando. Kisha naimwaga, namimina nyingine."

Muuguzi aliuliza hiyo ni namba ngapi. Nilimwambia ni tatu, na nikamweleza habari ya chai. Aliiandika pembeni mwa fomu kwa mkono, yote, kwa hilo namshukuru. Baada ya hapo mama yule alisubiri zamu yake ya matibabu kwa miezi 5. Miezi 5 ya chai yenye utando, katika nchi yenye kila kitu. Katika miezi hiyo waliomshika mkono ni akina mama wanne wa Kitanzania waliopangiana siku za kwenda kwake, wakipika, wakimsuka nywele, bila kumuuliza chochote.

Ndiyo maana ninapoulizwa kama nitarudi, sijibu kwa kulinganisha mishahara. Ninataka chumba chenye mlango unaofungika, Mtwara au Newala, na mkeka ndani yake. Sijui nitakilipiaje, bado napiga hesabu, na uhasibu wangu wa zamani unanisaidia hapo.

Mwezi uliopita shangazi alipiga simu saa 5 usiku kwa saa za huku, saa 7 kwake. Yeye hulala na kuku. Nikashtuka, nikaamkia harakaharaka, "Shikamoo shangazi, kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna msiba, usiogope." Akakohoa. "Hivi mwanangu, hiyo kazi unayosomea. Mtu akikuambia jambo, ni kweli humwambii mwenzio? Hata mumeo?"

"Hata yeye, shangazi."

"Hata kaka yako?"

"Hata yeye."

Nilimsikia akisogeza kiti. Niliinuka nikafunga mlango wa jikoni, nikazima redio, nikakaa.