Wao na Gängeviertel, sisi na Kariakoo

Nyuma ya uwanja wa Gänsemarkt, katikati ya Hamburg, Ujerumani, kuna nyumba 12 kuukuu zilizobanana vichochoroni huku maghorofa ya vioo yamezizunguka. Ndiyo Gängeviertel. Jiji lilikuwa limeshaziuza kwa mwekezaji wa Kiholanzi, na nyingi zilikuwa zibomolewe. Agosti 22, 2009 wasanii na wenzao kama 200 wakaingia. Hawakurusha mawe. Walisema ni maonyesho ya sanaa, wakafungua milango, wakakaribisha mji mzima. Ujanja ulikuwa hapo, maana mtu akishapanda ngazi zile zinazolia na kuchungulia vyumba, ukimtajia tingatinga anakuja juu. Kufika Desemba jiji likazinunua tena.

Ila tusiwasifu kupita kiasi. Vichochoro vya namna ile vilikuwa vingi, na baada ya kipindupindu cha 1892, kilichoua zaidi ya watu 8,000, Wahamburg wenyewe walianza kuvivunja hadi vikabaki hivyo vichache.

Nikiwasimulia ndugu zangu wa Dar, wananijibu, "Na sisi tungefanya hivyo Kariakoo." Hapo tunapishana. Zile nyumba za Kiswahili, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, jiko na choo uani, hazikuuzwa na jiji. Tumeziuza sisi. Mzee anafariki, anaacha warithi wanane, kila mmoja na ada zake za shule na madeni yake. Anatokea mtu na ramani ya ghorofa: nipeni kiwanja, nawapa fremu kadhaa chini. Nani akatae? Ukamvamie shangazi yako na mabango? Sisi wa ughaibuni ndio mabingwa wa kuandika "jamani historia inapotea" kwenye WhatsApp, na hakuna aliyewahi kuwachangia hata bati la paa linalovuja.

Hamburg na Dar ni miji rafiki tangu 2010, na ushirikiano wao umefika hadi kiwanda cha mboji Mabwepande. Basi ombi lijalo liwe hili: mfuko wa kununua nyumba mbili tatu za Kariakoo kutoka kwa warithi, kwa bei halisi ya kiwanja cha leo, si bei ya huruma. Sisi wa huku tuanze kuchangia. Halafu wapangaji wabaki humo humo, mama ntilie aendelee kukaangia barazani, maana nyumba ya Kiswahili ikigeuzwa makumbusho ya kukatiwa tiketi, mimi simo.