Matuta matuta, mnaogopa nini dakika 30?

Nyie watu wa "twende matuta tu", yaani mechi ikiisha sare mnataka penalti moja kwa moja bila dakika 30 za nyongeza, leo tutagombana kidogo.

Jumapili nilikuwa uwanja wa vumbi huku Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, fainali ya kombe la mbuzi, bodaboda wa kijiweni kwetu na vijana wa sokoni. Dakika 90 zikaisha sare ya moja moja, mara naona watu wa kamati wanamfuata refa, eti tupige matuta moja kwa moja giza linaingia. Sasa hilo giza si mmelileta wenyewe? Mechi ya saa 10 imeanza saa 10 na dakika 25 kisa tunamsubiri mgeni rasmi, kafika, kasalimia wachezaji, kapiga picha, tukajua yameisha, akaomba maiki. Na jua letu miezi hii saa 12 na nusu halipo.

Manahodha wote wawili wakagoma. Refa (huyu jamaa apewe soda kwa kweli) akasema basi tucheze kumi kumi. Na yuko sahihi, sheria inasema kila kipindi cha nyongeza kisizidi dakika 15, haijasema lazima zifike 15, mkikubaliana kumi ni kumi.

Hapo ndo mpira ukaanza kusema ukweli. Sokoni walikuwa na mamluki wawili, mafundi haswa, bao lao lilitoka miguuni kwao, lakini kila mtu pale anajua asubuhi walishacheza bonanza lingine. Dakika ya 95 mmoja kakaa chini misuli imemkaza, mwenzake kashika kiuno anaangalia mpira unapita, benchi hamna mtu wa maana. Matuta yangewaficha, maana tuta unalipiga hata ukiwa umechoka, unatembea taratibu unaweka mpira unapiga. Dakika za nyongeza hazina huruma hiyo, zinauliza umekuja na watu wangapi na mnafanyaga mazoezi au mnakutana uwanjani. Wakubwa huko ni vile vile, fainali ya Kombe la Dunia 2014 Götze wa Ujerumani aliingia dakika ya 88 akitokea benchi, akafunga dakika ya 113, Argentina kwisha habari.

Najua mtasema matuta ndo yana utamu wa roho juu. Sawa, utamu upo, ila mi nilishakosa tuta kwenye fainali ya shule, mbuzi akaliwa na wengine sisi tunasikia harufu, kwa hiyo msitegemee niwe katikati kwenye hili.

Turudi uwanjani. Dakika ya 109, kona ya bodaboda, upepo ukaubeba mpira ukampita kila mtu hadi nguzo ya mbali, beki wao wa kulia, ambaye ndo hunipeleka kazini asubuhi, akaweka kichwa. Mbili moja. Vumbi lililotimka hapo hata mbuzi alikata kamba, tukamkamata karibu na barabara.

Sokoni wamekata rufaa mpaka leo. Wanadai bodaboda walizungusha pikipiki nyuma ya goli wakawasha taa ili watu waone, na ile kona inapigwa mwanga ukampiga kipa wao machoni. Mi nilikuwa nimekaa kwenye moja ya hizo pikipiki, na taa ilikuwa full, hilo siwezi kukataa.