Kimemo cha mfalme na bukta ya JKT

Wenzetu wengi wakishafika Ulaya huamini kila kitu cha huku kilikuwa na utaratibu tangu enzi. Wasome barua za wafalme wa Scotland za karne ya 16 zinazomruhusu mwenye ardhi asiende vitani. Mtanzania aliyezoea ofisi zetu atazitambua mara moja: ni vimemo.

Sheria ilikuwa hivi. Mbiu ya vita ikipigwa, kila mwanamume wa miaka 16 hadi 60 anatoka na silaha zake na chakula chake cha siku hadi 40. Kwa sheria iliyotungwa karne ya 15, mwenye pato la pauni 20 kwa mwaka, au mali ya pauni 100, anatakiwa aje na farasi na deraya kamili, yaani mavazi ya chuma ya vitani. Asiyetokea anahatarisha mali, ardhi, hata uhai. Basi mwenye ardhi aliye mzee au mgonjwa anatafuta wa kumsemea kwa mfalme. Karani anaandika kwamba fulani ana maradhi, abaki nyumbani, asidaiwe safari za vita wala ukaguzi wa silaha. Mfalme anaweka sahihi, "James R", mhuri mdogo unagandamizwa kwenye lakiri (nta ya kufungia barua), na ada inalipwa. Mara nyingi kuna sharti: mwanawe au watu wake waende badala yake. Wasomaji wa harakaharaka huliruka sharti hilo, wakadhani nyumba nzima imesamehewa.

Tarehe nazo zina mtego. Kabla ya 1600, mwaka wa Scotland ulianza 25 Machi, kwa hiyo barua ya 10 Februari 1541 kwa hesabu yetu ni ya 1542. Usipolijua hilo utasema msamaha ulitoka miezi 21 kabla ya vita vya Solway Moss, kati ya Scotland na England, vya Novemba 1542, kumbe ni miezi tisa tu, pengine uvumi wa vita umeshaanza. Na ugonjwa unaoanza pamoja na uvumi wa vita, sote tunaujua.

Nyumbani je? Tangu mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria yarudishwe 2013, wahitimu wa kidato cha sita hutangaziwa kambi na vitu vya kubeba: bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni na mfuko mmoja nyuma, isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari. Chakula ni cha kambi. Wenye ulemavu unaoonekana hupangiwa Ruvu, kule Mlandizi, kwenye miundombinu ya kuwahudumia. Tangazo ni hilohilo kwa mtoto wa waziri na wa mama ntilie, tena bila ada ya lakiri. Kwa hili siwaonei Waskoti wivu hata kidogo.

Wivu wangu uko kwenye daftari lao. Barua zilizopitia mhuri wa faragha wa mfalme zilinakiliwa, na daftari hilo lipo tangu 1488. Leo unakaa kwenye hifadhi ya nyaraka Edinburgh na penseli yako, maana kalamu ya wino hairuhusiwi, unasoma nani alipendelewa na kwa sababu ipi. Kimemo chetu cha kiwanja au ajira kinaletwa mkononi, siku hizi WhatsApp, na kikishafanya kazi yake kinafutwa.